Popi, Magunia na Mkeka wa Bibi

Huku kwetu Mkuza, Kibaha, mbwa ni wa nje. Ana banda lake nyuma ya nyumba, ana sufuria lake lililobonyea, anafunguliwa watu wakishalala na kufungwa alfajiri kabla wanafunzi hawajaanza kupita. Popi aliingia ndani kwa sababu alitufikia katikati ya masika, akiwa na umri wa kama miezi miwili, na banda tulilomjengea lilikuwa limejaa maji. Baba watoto akasema alale jikoni mpaka mvua zipungue. Mvua za mwaka ule hazikuwa na haraka ya kupungua. Yaliyotokea ndani ya nyumba nayasimulia kwa kuwa najua nyumba nyingi za Kibaha zinapitia hayohayo, na nyingi humaliza kwa kumpiga mnyama au kwenda kumtupa kando ya barabara.

Mbwa tulimhitaji. Tangu Barabara ya Morogoro ipanuliwe kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, mashamba mengi ya mikorosho na miembe yamekatwa viwanja na watu wasiojuana wamekuwa majirani. Wezi nao wamehamia. Kwa jirani wa nyuma walibeba kuku wote usiku mmoja, wakaacha manyoya. Kwa seremala wa mtaa wa pili waling'oa pampu ya kisima, mwenyewe amelala hatua chache kutoka hapo. Shemeji yangu wa Kisarawe, ng'ambo ya vilima vya Pugu, alikuwa na mbwa jike aliyezaa karibuni. Akasema tutume mtu au atamleta mwenyewe.

Alimleta mwenyewe, ndani ya boksi la sabuni ya mche lililotobolewa matundu, chini ametandika kipande cha gunia. Akapanda gari la Gongo la Mboto, akabadilisha la Mbezi, na pale Mbezi Luis, kwenye stendi ya Magufuli, akatafuta gari la Kibaha. Kondakta wa kwanza alikubali kwa sharti kwamba boksi lisikae juu ya kiti. Wa pili hakuuliza chochote. Wa tatu aliuliza kwa nini boksi linalia, na hapo abiria wakagawanyika. Mama mwenye ndoo ya samaki alitaka mbwa ashushwe palepale. Kijana wa kiti cha nyuma akasema mbwa amelipiwa nauli ya mzigo, basi ana haki ya kufika. Wakabishana hadi Kibamba. Tulipofungua boksi jioni ile tulikuta gunia limelowa chapachapa, na Popi amejikunja kwenye kona ya boksi iliyobaki kavu. Gunia likatupwa nyuma ya tanki la maji, na watoto wakaanza kugombea nani ambebe kwanza.

Jina nalo lilitaka kikao. Mitaani kwetu jina la mbwa laweza kuwa kijembe: yuko mbwa anaitwa Mtasema Mchana, yuko anaitwa Wivu wa Nini, na kila mwenye mbwa anapomwita jioni mtaa mzima unajua nani anasemwa. Mama mkwe wangu, aliyekuwa kwetu kwa ajili ya kliniki ya macho Tumbi, alipendekeza tumwite Hamkuamini. Nikamwambia, "Mama, nikisimama uani kila jioni naita Hamkuamini, majirani wote wanne watakuja kuniuliza." Akacheka, akaniachia. Kitinda mimba wetu akamwita Popi, na mbwa akageuza kichwa.

Nyumba yetu sakafu yake ni saruji tupu, laini, ya kupigwa deki mara mbili kwa siku. Zulia ni moja, la sebuleni. Mtu angetarajia mtoto wa mbwa akojoe popote alipo, maana kibofu cha umri ule hakiwezi kuhimili zaidi ya kama saa mbili mchana. Popi hakukojoa popote. Asubuhi moja nilisimama mlangoni pa chumba changu nikamtazama. Aliamka jikoni, akanyoosha miguu ya mbele, akapiga mwayo. Akaanza kutembea kando ya ukuta pua ikiwa chini, akapita jikoni kote, akapita korido yote, saruji kushoto na kulia, akinusa na kuacha. Akafika kwenye tambara la kufutia miguu mlangoni pa sebule. Akaweka miguu ya mbele juu yake, akatulia. Akaweka ya nyuma. Akazunguka kidogo, akachutama, akafunga macho nusu. Alipomaliza akashuka kwenye saruji kavu, akajikung'uta, akarudi kulala.

Tulipokunja zulia na kuondoa matambara, alihamia kwenye kanga ya dada wa kazi iliyoanguka kutoka kwenye kamba ya ndani. Kutoka hapo akaingia kwenye begi la shule la mwanangu wa pili, la kitambaa, daftari la hisabati likiwemo. Jumamosi moja usiku akalifikia joho la kwaya la kifungua mimba wetu, lililoteleza kutoka kitini, na Jumapili binti akaimba amesimama safu ya nyuma na joho la kuazima linalomfika magotini. Kitu chochote kilichofumwa au kushonwa, kikigusa sakafu, kilikuwa chake.

Kila mtu mle ndani alikuwa na tiba. Dada alisema apunguziwe maji ya kunywa. Nilikataa, kwa sababu mtoto wa mbwa akikaushwa maji kwenye joto la Pwani anaugua upesi. Baba watoto alisema afungwe kamba jikoni. Watoto walisema alale nao. Mama mkwe ndiye aliyekuwa na tiba inayojulikana nchi nzima. Amefuga mbwa wa kulinda mbuzi Singida maisha yake yote, na kila alipokuta pamelowa alimshika Popi kwa ngozi ya shingo, akamsukumia pua palepale, akampa kofi mbili. "Ndivyo tulivyowafunza wote," akasema, "na hakuna aliyeshindikana."

Mama mkwe habishiwi kwa sauti. Lakini matokeo ya tiba ile niliyaona kabla ya wiki kuisha. Mbwa anahusisha adhabu na kile anachofanya dakika ileile. Ukimkamata baada ya robo saa, akiwa amelala, anachojifunza ni kwamba mtu na mkojo wakikutana mahali pamoja, yeye anapigwa. Basi Popi akaacha kukojoa mbele yetu. Akawa anakwenda nyuma ya friji, chini ya kitanda cha mama mkwe mwenyewe, nyuma ya mlango wa stoo, mahali ambapo harufu ilitufikia kabla hatujapaona. Na tulipomtoa nje, akawa hafanyi kitu kwa kuwa tulikuwa tumesimama naye.

Usiku mmoja tukiwa mezani nilimweleza mama habari za panya wa Sokoine. Barabara hii inayopita mbele ya Mkuza, ukiifuata kuelekea bara, inakufikisha Morogoro, na pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuna shirika la APOPO linalofunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mkufunzi ana kidude kinacholia tik. Panya akifanya sawasawa, kidude kinalia, na papo hapo anapewa kipande cha ndizi au karanga. Mafunzo huchukua kama miezi tisa. Mmoja wa panya hao, Magawa, alizaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu 100 na vilipuzi vingine, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alikufa Januari 2022. Hakufunzwa kwa kofi.

Mama mkwe aliweka kijiko chini. "Panya?"

"Panya buku, mama."

"Huyu wa porini?"

"Huyohuyo."

Akafikiri kwa muda. "Panya anapewa ndizi. Na huyu apewe nini?"

Nikamwambia dagaa, dagaa mmoja mkavu, palepale alipojisaidia, kabla hajageuka kurudi ndani. Ukimpa mlangoni anaporudi, umemlipa kwa kurudi. Mama akanyamaza, na kesho yake nikaona mfukoni mwa gauni lake kuna karatasi ya dagaa. Mama yule nampenda. Ana miaka sabini na zaidi, na alikubali kubadili njia ya maisha yake yote kwa ajili ya hoja ya panya.

Tukaweka ratiba. Popi alitolewa akiamka, akishakula, akishacheza, na kabla ya taa kuzimwa. Na usiku wa manane mtu mmoja aliamka kwa zamu na mwavuli. Tulikubaliana neno moja, maana baba watoto alikuwa akisema "Nje!", watoto "Acha!", mama mkwe "Hashi!", na dada alipiga mluzi tu, na mnyama hana namna ya kujua kwamba wote wanne wanataka jambo moja. Tukachagua neno ambalo kila aliyewahi kusafiri kwa basi la mikoani analielewa na halimwaibishi mgeni akiwa sebuleni. Ukifika muda, unafungua mlango, unasema, "Popi, kuchimba dawa."

Alitoka. Alisimama kwenye mchanga uliolowa, akatutazama, akatikisa mkia. Akanusa mhogo mmoja, akanusa mwingine. Mvua ilimnyeshea na sisi ilitunyeshea. Kisha alirudi ndani mbio, akatafuta kitambaa.

Katikati ya hayo ndipo dada alipomwaga jiki. Alikuta korido imelowa karibu na kapu la nguo chafu, na kwa nia njema kabisa akamimina jiki nyingi juu ya mkojo, bila maji, akafunga mlango ili mbwa asipite. Mkojo una amonia, hasa ukishakaa, na jiki ikikutana na amonia inatoa hewa inayochoma macho na kifua. Tulitoka wote uani kwenye mvua, tukikohoa, mama mkwe na macho yake ya kliniki akiwa amejifunika kanga usoni. Tukafungua madirisha yote, tukamwagia maji ndoo kwa ndoo. Tangu siku ile mkojo wa mbwa kwetu unafyonzwa kwanza kwa tambara au majivu, unasuuzwa kwa maji mengi, kisha unapakwa siki iliyozimuliwa na maji. Siki inakata ile harufu inayomrudisha mbwa palepale, na haimdhuru mtu. Mwenye mbwa au paka ndani asiache kulijua hili.

Kisa kikubwa kilikuja siku mvua ilipopumzika.

Jirani yetu wa kushoto ni bibi wa Kizaramo, mzaliwa wa upande wa Maneromango, mwenye uwanja uliofagiwa kwa chelewa mpaka unaona mistari. Mkeka wake wa kusalia ameusuka mwenyewe, ukili wa miyaa iliyotiwa rangi ya zambarau na kijani, na mkono wa mtu anayejua kazi unaonekana pale ukili mmoja unapoungana na mwingine: hakuna uzi unaotokeza. Siku ile jua lilipochomoza, bibi aliutandika chini ya mwembe upungue unyevu kabla ya alasiri. Popi alikuwa uani kwetu na watoto. Michongoma ya mpakani ina nafasi chini, karibu na shina, inayomtosha kuku. Ilimtosha na yeye.

Niliitwa na sauti ya bibi. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Mwanangu wee, njoo uone."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbwa wako huyo."

Popi alikuwa katikati ya mkeka, ameshamaliza. Anatikisa mkia.

Waislamu wengi wa pwani hii wanafuata madhehebu ya Shafi, na humo mate na mkojo wa mbwa ni najisi nzito. Kitu kilichopatwa hakitoharishwi kwa maji ya kumwagia tu. Huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo huwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sisi ni Wakristo, lakini mtu hawezi kuishi Mkuza akasema hajui. Nikamwomba bibi aniruhusu niuoshe mwenyewe, na yeye asimamie ili uoshwe inavyotakiwa. Alikubali. Akaketi kwenye kigoda, akatuambia tuchimbe udongo kwenye mizizi ya mwembe, mahali ambapo kuku hawafiki, tuuchekeche kwa ungo.

Tulianza kwa kuondoa mkojo wenyewe. Kisha binti yangu wa kwanza akamimina, mimi nikasugua kwa kumbi la nazi, nikifuata ukili unakokwenda ili nisiufumue. Maji yalipita katikati ya miyaa yakatoka upande wa pili na rangi kidogo ya zambarau. Bibi alikuwa akihesabu kwa sauti. Mwosho wa udongo ndio ulikuwa mgumu. Ule uji wa kahawia uliingia kwenye kila mshono, na kuutoa ilitubidi tuusimamishe mkeka wima tukaugongagonga mgongoni kwa kiganja. Maji ya bomba hayakuwa yanatoka siku ile, hivyo tulitumia ya mvua kutoka kwenye pipa letu. Tulipofika saba bibi alisema, "Basi," akatuelekeza tuuanike kwenye kamba, si chini.

Nikamwambia tutamnunulia mwingine. Akakataa. "Mwingine nitausuka. Huu bado mzima." Akaniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba mbwa wa kulinda mali dini haikumkataza: wa mifugo yupo, wa shamba yupo, wa kuwinda yupo. Lakini mipaka ya mbwa anawekewa na mwenye mbwa, na mlango wa nyumba ya jirani ni mpaka. La pili alilisema akiwa anamtazama Popi, aliyekuwa amekaa upande wetu wa michongoma.

"Uwanja wangu wote ni mchanga. Wako wote ni mchanga. Kapita kote huko kaja juu ya mkeka. Huyu alizaliwa juu ya nini?"

Nikabaki nimesimama na ndoo mkononi.

"Kuku aliyezoea kutaga kapuni," bibi akaendelea, "mfungulie shamba zima, atarudi kutafuta kapu."

Jioni nikampigia shemeji. Akasema mbwa wake alizalia stoo, juu ya magunia ya korosho, na kwa kuwa ilikuwa mvua watoto hawakutolewa nje kabisa mpaka siku ya kugawiwa. Wamekula, wamelala na kujisaidia juu ya magunia. Hata boksi la safari lilitandikwa gunia.

Kuanzia wiki ya tatu hivi mtoto wa mbwa huanza kutoka kwenye malazi yake kwenda kujisaidia pembeni, na akikaribia wiki ya tisa miguu yake imeshazoea kile anachokanyaga wakati huo. Aliyezoea majani atatafuta majani. Aliyezoea mchanga atatafuta mchanga. Popi hakuwa mkaidi wala mchafu. Alikuwa amefundishwa tayari, tena amefundishwa vizuri, kwamba haja inafanyiwa kwenye kitu kilichofumwa. Zulia, kanga, joho, begi na mkeka vyote chini ya nyayo zake vilikuwa gunia. Nilipowaeleza watoto, mwanangu wa pili, ambaye daftari lake la hisabati lilikuwa bado linanuka, alikwenda kumkumbatia.

Sasa kazi ikawa na njia. Lile gunia la boksi lilikuwa bado nyuma ya tanki, na harufu yake ilikuwa bado inatosha. Baba watoto akasimika fito nne nyuma ya mihogo, akaezeka bati moja juu yake, tukatandika gunia chini ya bati, juu ya mchanga. Ndani ya nyumba kila kilichofumwa kikapanda juu: zulia likabaki limekunjwa, nguo chafu zikaingia ndoo yenye mfuniko, mabegi yakatundikwa. Ikabaki saruji ndani na gunia nje.

Usiku ule zamu ilikuwa ya binti yangu wa kwanza, lakini kitinda mimba alimfuata na tochi. Niliwasikia wakisema, "Popi, kuchimba dawa." Kukawa kimya, mvua inapiga bati. Kisha sauti ya mtoto, kwa nguvu za kuamsha mtaa: "Mama! Bibi! Amechimba!" Mama mkwe alitoka chumbani bila viatu, mkono mfukoni, na ndiye aliyempa dagaa. Nadhani alimpa zaidi ya mmoja.

Baada ya hapo tulilipunguza gunia. Tulikata ukingo, tukatupia mchanga juu, tukakata tena, tukaongeza mchanga, hadi kikabaki kipande cha upana wa kiganja kilichofukiwa nusu. Siku tulipokiondoa hicho, Popi alinusa mahali pake, akazunguka, akachutama kwenye mchanga. Mambo hayakunyooka moja kwa moja. Alipokuja mgeni aliyemwinamia na kumsemesha kwa sauti nene, alilowesha sakafu palepale kwa woga, na hilo mtoto wa mbwa halifanyi kwa ukaidi. Unafuta, unamwomba mgeni asimwinamie, na akikua linakwisha. Siku za ngurumo alirudi nyuma ya friji. Tulifuta, tukapaka siki, tukanyamaza.

Pengo la michongoma lilizibwa kwa senyenge, lililochimbiwa chini ili asifukue. Banda liliinuliwa juu ya matofali, likageuzwa mlango utazame mbali na uwanja wa bibi. Masika yalipokwisha Popi alihamia huko, na alihamia bila kulia, kwa sababu mahali pake pa haja palikuwa tayari ni nje.

Sitaki kuacha habari ya chanjo, kwa kuwa nyumba yenye watoto wanaobeba mbwa kifuani ina mengine ya kuangalia kuliko zulia. Afisa mifugo alimpa Popi dawa ya minyoo na chanjo ya magonjwa ya utotoni, ikiwemo ya pavo inayoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, na alipotimiza miezi mitatu akachanjwa kichaa cha mbwa. Kinyesi cha mtoto wa mbwa kina mayai ya minyoo yanayoweza kumwingia binadamu, kwa hiyo kinazolewa kila siku na kufukiwa, na watoto wananawa kwa sabuni. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Mkoa wa Pwani ulikuwa kati ya mikoa iliyoingizwa kwenye mpango wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kukitokomeza, ulioanza mwaka 2010 kusini mashariki mwa nchi pamoja na Pemba, na funzo lake linajulikana: wakichanjwa mbwa 70 kati ya kila 100, tena kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure. Uliza ofisi ya mifugo ya kata yako.

Bibi amesuka mkeka mwingine, wa rangi ya machungwa. Ule wa zambarau bado anausalia. Akisikia Popi anabweka usiku, asubuhi huniuliza kupitia juu ya michongoma aliona nini, na mara mbili tatu hivi alikuwa ameona mtu kweli.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu, wa Mkuza, wa Visiga, wa Kisarawe na kwingineko. Ukipewa mtoto wa mbwa, kabla hujamtia kwenye boksi muulize mwenye mama mtu alizaliwa juu ya nini, na mama yake alichanjwa lini. Na wewe ambaye mbwa wako amezaa, usiwagawe kabla hawajafikisha wiki nane, na kuanzia ile ya tatu watoe nje wakanyage mchanga kila siku, hata kama mvua imewapa dakika tano tu.